Miaka Isiyozaa Gedi

Nendeni soko la mifugo hapa Garissa, asubuhi watu wakiwa wamejaa, mpige ukelele mmoja: "Gedi!" Watageuka wazee wenye ndevu za hina. Watageuka na vijana wenye simu masikioni. Lakini wale wa katikati, waliozaliwa wakati wa vita vya shifta, hawatageuka. Msidhani wamekufa. Wengi wapo, wana vitambi na wake wawili wawili. Ni jina ndilo ambalo hawakupewa.

Nilimwambia hivyo muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, msichana mchangamfu, akanicheka. "Ayeeyo," akaniita, maana hapa bibi yeyote ni ayeeyo, "majina ni fasheni tu. Yanakuja, yanaenda." Fasheni! Wallahi nilibaki mdomo wazi mpaka nikasahau nilichokuja kufanya. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wakunga wa glavu na mashine, na nyinyi wazazi wadogo mnaookota majina kwenye tamthilia za Waturuki. Nimepokea watoto tangu ujana wangu, kwanza nyikani, halafu zahanati, mpaka magoti yalipokataa. Kiswahili hiki nilikipata zahanatini, kwa hiyo mkikuta kimepinda mnyooshe wenyewe.

Sisi tulikuwa watu wa kuhama. Majani yakiisha, nyumba inavunjwa, fito na mikeka inafungwa juu ya ngamia, na safari hiyo ndiyo gedi. Mvulana akizaliwa nyumba ikiwa mgongoni mwa ngamia, hakuna wa kuumiza kichwa kutafuta jina. Huyo ni Gedi, kama vile aliyezaliwa mvua ikinyesha alivyo Roble. Sasa fikirieni watu wanaohama mara nyingi namna ile. Gedi walijaa kila kisima. Ilibidi tuwatenge kwa majina ya utani: Gedi Dheere, yule mrefu; Gedi Gurey, wa mkono wa kushoto; na mwingine wa masikio makubwa ambaye jina lake la utani silisemi, wajukuu zake wanasoma.

Kazi nilifundishwa na Halimo, dada wa baba yangu, kwa hiyo kwangu ni eeddo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mwenye vidole virefu. Mama akishikwa na uchungu njiani, alinifundisha, usisimamishe msafara wote, maana maji yako mbele na mifugo haingoji. Baki na mama na mwanamke mmoja wa kushika mgongo. Mlaze ngamia mmoja mtulivu upande wa jua, tandaza mikeka juu ya matawi upate kivuli, kisha funga kamba juu ya tawi ili mama apate pa kuning'inia uchungu ukija. Halafu keti. "Mikono yako ikae mapajani," alikuwa akinikemea. "Mtoto anajua njia kuliko wewe."

Mara ya kwanza kuachiwa kazi, sikuona tawi la maana, nikaifunga kamba kwenye tandiko la ngamia. Mama akavuta. Ngamia akadhani ameambiwa asimame, akasimama, na mama akanyanyuka naye huku akinitukana ukoo mzima. Mtoto alitoka hapo hapo. Namshukuru Mungu nilimdaka. Eeddo Halimo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipiga kofi la bega. Mtoto aliitwa Gedi, hilo hata kuuliza hakukuwa na haja.

Kuna jambo la pili alilonifundisha, na hili lishikeni, kwa sababu ndilo lenye uzito katika habari yangu. Kwetu mtoto hapewi jina la baba yake wala la babu yake aliye hai. Hupewa ikiwa baba amekufa mtoto akiwa tumboni, basi mtoto anakuja kulibeba. Niliona bwana mmoja, Gedi, mkewe alijifungua mvulana njiani. Mwanamke mgeni asiyewajua akasema kwa furaha, "Gedi mwingine!" Yule bwana akaweka chini gudulia la maziwa. "Mama, mbona unanizika na mimi bado nina njaa?" Tulicheka sote, mtoto akaitwa Yusuf. Wakati ule kilikuwa kichekesho.

Kisha vita vikaja, mara tu baada ya uhuru. Sitawaeleza siasa yake, wapo waliosoma. Nitawaeleza niliyoyaona kisimani.

Lori lilikuwa limeshambuliwa kwenye njia ya Liboi, na mtu fulani akawaambia askari kwamba mkubwa wa shifta waliofanya hivyo anaitwa Gedi. Shifta ndio waasi wa nyikani. Basi wakatujia asubuhi moja wakati wa kunywesha. Afande wao alikuwa kijana wa bara, jasho linamtiririka, midomo imepasuka kwa jua letu. Akapanda juu ya boneti ya gari akapaza sauti.

"Gedi! Gedi atoke mbele!"

Nyinyi mngefanya nini? Mngejificha. Nyinyi mmezaliwa na akili ya kujificha. Lakini kwetu mwanaume hutamka jina lake na la baba yake na la babu yake mpaka mbali huko, na kunyamaza unapoitwa ni kujikana. Wakatoka. Alitoka mzee aliyekuwa akitawadha, maji yakimdondoka kwenye viwiko. Gedi Dheere naye akatoka, na Gurey, na vijana waliokuwa ndani ya kisima, wakipanda mmoja mmoja na matope mpaka kifuani. Akatoka na mtoto mchunga mbuzi, mswaki mdomoni. Mama mmoja, Mungu amrehemu, alidhani labda unga unagawiwa, akamnyanyua juu mtoto wake mchanga. "Na huyu pia!" akasema.

Nimeona nyuso zilizoshtuka katika kazi hii. Nimewaona kina baba wakiambiwa ni mapacha. Sijaona uso kama wa yule afande. Alimtafuta mtu mmoja, akatokewa na umati unaokuja kwake kwa miguu, wote wakiitika. Alirudi nyuma juu ya boneti nusura aanguke, na askari wake wakainua bunduki. Alidhani ameliona genge lote.

Nilikuwa nimekwishaanza kusaidia zahanati, kwa hiyo Kiswahili kidogo nilikuwa nacho, cha kuchechemea. Nikasogea mpaka kwenye gari.

"Afande, hawa fijana si shifta. Hii jina ya safari. Mtoto kama nazaliwa ngamia iko na nyumba kwa mgongo, sisi naita Gedi. Hata hii ndogo nanyonya ni Gedi. Mimi nazalisha wao."

Akainama kunitazama. "Wote hawa jina moja? Kwa sababu ya ngamia?"

"Ndio, afande."

"Mama, unanifanya mimi mjinga?"

Ukweli ulikuwa ndio huo. Aliwaachia wazee, Dheere na Gurey miongoni mwao, na watoto. Vijana wakapakiwa kwenye lori. Subhanallah, mpaka leo nikilikumbuka najishika kifua. Watu wamepanda lori kwa kosa la mama zao kushikwa na uchungu njiani!

Miongoni mwao alikuwemo Gedi mume wa Khadija. Khadija ni rika langu, tumechunga pamoja, na siku hiyo alikuwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa akivuta maji. Aliikamua shuka yake, akamkabidhi Khadija ile ndoo ya ngozi, akasema kama mtu anayekwenda dukani, "Malizia kuwanywesha. Narudi." Na Khadija, na tumbo lile, akawanywesha ngamia wote mpaka wa mwisho. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Baadaye baadhi yao walirudi, wamekonda, hawataki kusimulia. Kuhusu mume wa Khadija walisema walitenganishwa naye njiani. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema amemwona.

Basi jina likaanza kukimbiwa. Gedi Dheere akawa Abdullahi ndani ya wiki moja. Gurey akajiita Ibrahim, lakini alikuwa anasahau, ukimwita Ibrahim anatafuta nyuma yake ni nani huyo. Kina mama wakiita watoto wao malishoni walilikata jina katikati wakajiziba mdomo. Nilipokea wavulana wawili safarini katika kipindi kile, na mara zote mbili, wanawake waliokuwa nami walitazama chini. Mmoja aliitwa Mohamed, mwingine Mohamed pia. Nani atamkamata Mohamed? Wangelazimika kukamata dunia.

Halafu ikaja amri kwamba kila mtu ahamie kijiji cha ulinzi karibu na mji, ndani ya seng'enge, na atakayekutwa nyikani atahesabiwa shifta. Tukavunja nyumba, tukapakia. Askari walitembea pembeni mwetu. Ndiyo safari ya mwisho niliyoifanya na nyumba mgongoni mwa ngamia, na ndani yake Khadija akashikwa na uchungu.

Tulimtoa pembeni, mimi na eeddo Halimo ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri. Askari mmoja aliachwa atulinde, au atuchunge, sijui. Alitugeuzia mgongo kwa adabu akawa anasema tu, "Mama, harakisheni, tafadhali." Nikalaza ngamia, nikatandaza mikeka, kamba nikafunga kwenye tawi. Khadija hakulia. Mtoto alitoka mvulana, mwenye nywele nyingi na sauti kali, nyumba ya mama yake ikiwa juu ya ngamia aliyelala hatua chache kutoka kwetu.

Siku nyingine zote, jina lingekuwa limekwishapigiwa vigelegele. Siku hiyo mimi nilishughulika na uzi wa kitovu. Akaja Dhahabo, mama wa yule mume aliyechukuliwa, akitembea kinyume cha msafara na fimbo yake. Akainama, akamfunua mtoto uso, akasema, "Gedi."

Khadija nilikuwa bado sijamfunga tumbo. Akajiinua kwa viwiko. "Mume wangu ndiye Gedi," akasema.

Nilishtuka nikaangusha uzi wa kitovu. Haukuwa ugomvi wa mtu na mama mkwe wake. Mlishike lile jambo la pili. Mtoto huyu kuitwa Gedi maana yake ni kwamba baba yake ametangazwa maiti.

Kwetu jina hutolewa siku ya saba, mnyama anachinjwa, wakubwa wanakaa, na kama baba hayupo, mwenye kauli ni upande wake. Upande wake ulikuwa Dhahabo peke yake. Siku zile saba ndani ya seng'enge walikaa nyumba moja bila kusemezana, wakipitisha mtoto na chai kupitia kwangu. Nilidhani Khadija anawaogopa askari, nikamwambia hivyo.

"Askari?" akasema. "Nimewazoea kama nzi. Shamsa, aliniambia narudi. Akirudi akute mwanawe anaitwa jina lake, si atajua nilimzika yeye yuko hai? Mwambie mama yake, wakilitaja hilo jina, waniletee na nguo nyeupe ya mjane, nianze eda leo leo."

Nikaenda kwa Dhahabo. Nilimkuta nje, akiutazama ule uzio. Alinitoa jasho yule bibi.

"Wewe ni mkunga au balozi?" akaniuliza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nilimzaa tukitoka Diff, upepo unapeperusha mikeka, muulize shangazi yako. Unafikiri natamani afe? Moyo wangu umekwisha kuniambia. Sasa tazama humu ndani, nani atahama tena? Nani atazaliwa njiani? Huyu ndiye wa mwisho. Jina likianguka hapa, nani ataliokota?"

Kila mmoja wao alikuwa na haki, na haki zao hazikuweza kukaa nyumba moja.

Siku ya saba ikafika. Mbuzi alikuwa mmoja, mifupa mitupu, tena wa kuazima. Sheikh akakaa, wazee wakakaa. Khadija alikuwa mlangoni, amemkumbatia mtoto kama mtu anayesubiri kunyang'anywa. Na mimi nikamwona Dhahabo anakuja na kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa kwapani.

Nilimshika eeddo Halimo mkono nikamwambia, "Amekuja nayo. Amekuja na nguo ya eda." Eeddo akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo. Wanawake walioiona wakajishika vichwa. Nilimwangalia Khadija, na yeye alikuwa amekwisha kuiona. Hakusogea. Alianza kufungua kitambaa chake cha kichwani, polepole, jinsi mjane anavyofanya.

Sheikh akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Dhahabo akapiga magoti mbele ya mkwewe, akazikunjua zile yadi za nguo nyeupe, akamchukua mtoto mikononi mwake na kumviringisha ndani yake, mara nyingi, mpaka uso tu ukabaki. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa askari wa lango.

"Sugow."

Sugow ni jina la kwetu, maana yake subiri. Hakuna aliyelitarajia. Sheikh mwenyewe alisahau kulirudia. Khadija aliinamisha kichwa begani kwa yule bibi, wakalia pamoja, na nguo ile akapewa aitunze. "Itavaliwa siku utakayosema wewe," Dhahabo akamwambia. "Si mimi." Dhahabo alifariki ndani ya kijiji kile, macho yake bado kwenye lango.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimkasirikia yule muuguzi. Ndani ya seng'enge nilipokea wavulana wengi sana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Gedi, kwa kuwa hakuna aliyehama. Majina ya mitume yakashika nafasi: Ibrahim, Yusuf, Ismail. Na vita vilipoisha, wengi hawakuwa tena na ngamia wa kubeba nyumba. Wakabaki mjini. Jina lilikaa muda mrefu bila mtu, mpaka wale wazee wa kisimani walipoanza kufa, ndipo wajukuu wakaanza kupewa. Ndio hao wa simu masikioni. Wamezaliwa kitandani, hawajawahi kulala nje hata siku moja, nao wanaitwa Safari! Kila nikiwasikia nashtuka, halafu nacheka.

Lakini katika nyumba ya Khadija, hapana. Sugow alikua, akaoa, akapata wana. Kila mvulana akizaliwa watu walimtazama Khadija, na kila mara alitaja jina jingine. Mimi mwenyewe niliwahi kumgusia. "Bado," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka huu Sugow, akiwa na mvi zake, amepata mtoto wa mwisho, mvulana, hapa hospitalini. Nilikwenda kumwona, ndipo nikakutana na yule muuguzi na fasheni yake. Siku ya saba nikaalikwa nyumbani. Nikamkuta Khadija ameketi kwenye kiti uani, kavaa nyeupe kutoka juu mpaka chini.

Mimi na mdomo wangu nikaanza utani. "Abaayo, dada yangu, umekwenda Makka bila kutuaga?"

Akanyoosha pindo la nguo ili niione. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa ya juzi, na mikunjo yake haikutaka kunyooka. Nikaijua. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Sugow ameshampita baba yake umri," akasema. "Nimetazama zile mvi zake, nikaona aibu. Mtoto wangu nimemsubirisha kutosha."

Sheikh akauliza jina. Khadija alimchukua mjukuu wake, akamshika vizuri kichwa kama nilivyomfundisha zamani, akasema, "Gedi." Sugow, mzee mzima, alitoka nje akaegemea ukuta.

Watu walipiga vigelegele, maana wengi hawakujua. Walidhani ni jina tu. Mimi nilibaki nimeushika mkono wa Khadija, nikampa pole ya mumewe.